Kenya au Tanzania: Pa Kuweka Kazi, Mtaji na Familia

Kila Juni mawaziri wa fedha wa Kenya na Tanzania husoma bajeti siku moja, kila mmoja akitaja asilimia ya ukuaji inayompendeza. Anayesikiliza huku ana uamuzi mkubwa mbele yake hasaidiki sana na asilimia hizo. Na watu wa namna hiyo ni wengi: mhitimu wa Moshi anayeambiwa Nairobi ndiko kwenye ajira, muuza vifaa vya simu wa Eldoret anayeitamani Kariakoo, mama wa Taveta ambaye soko lake liko ng'ambo ya mpaka, na ndugu aliyeko Muscat au Minneapolis mwenye jamaa Tanga na Mombasa, na akiba ya miaka mingi asiyojua aiteremshe upande upi.

Ulinganisho huu ni kwa ajili yao. Nchi zote mbili nazitazama kwa vigezo vilevile: ukuaji na unavyomfikia mtu, bei na nguvu ya shilingi, kazi na makato, mtaji, mkopo na leseni, afya, shule na nyumba, na hali ya siasa, ambayo tangu 2024 haiwezekani tena kuitenga na uchumi. Ninaposema Tanzania nakusudia Bara. Zanzibar ina sheria zake za ardhi na uwekezaji, inastahili makala yake.

Ukuaji, na unamfikia nani

Kwa hesabu za juu juu Tanzania inakwenda kasi zaidi. Uchumi wake ulikua kwa asilimia 5.1 mwaka 2023 na 5.5 mwaka 2024. Katika miaka hiyohiyo, ukuaji wa Kenya ulishuka kutoka karibu asilimia 5.7 hadi 4.7. Lakini sensa ya 2022 ilionyesha kwamba Watanzania, waliofikia 61,741,120, wanaongezeka kwa asilimia 3.2 kila mwaka. Wakenya wanaongezeka kwa takriban asilimia 2. Ukitoa ongezeko la watu, kinachobaki kwa kila kichwa kinakaribiana sana pande zote mbili, na hata katika mwaka uliokuwa mgumu Kenya haikuachwa nyuma. Hotuba za bajeti hazigusi hesabu hii, nami naona ndiyo ya kwanza kuifanya.

Tofauti kubwa iko pale kila nchi inapoanzia. Pato la mtu mmoja Kenya linakaribia mara mbili ya lile la Tanzania kwa hesabu ya dola. Benki ya Dunia iliiweka Kenya kwenye kundi la kipato cha kati cha chini Julai 2015, Tanzania ikafuata Julai 2020. Mteja wa Nairobi, kwa wastani, ana pesa zaidi ya kutumia, na waliokwisha kupanga foleni kumuuzia ni wengi zaidi. Injini nazo ni tofauti. Tanzania inavutwa na dhahabu, utalii uliopokea wageni zaidi ya milioni 2.1 mwaka 2024, na ujenzi mkubwa wa serikali: treni ya umeme kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma iliyoanza 2024, na Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115. Kenya inavutwa na huduma, chai, maua, na pesa zinazotumwa na walioko nje, ambazo mwaka 2024 zilikaribia dola bilioni 5.

Umaskini unahitaji uangalifu kuulinganisha, kwa sababu kila nchi huuchorea mstari wake. Kenya ilihesabu asilimia 39.8 ya watu wake kuwa maskini mwaka 2022. Tanzania asilimia 26.4 mwaka 2018. Ukisoma namba hizo bila kujua mistari ilipochorwa utadhani Tanzania ina unafuu mkubwa. Tazama badala yake udumavu wa watoto chini ya miaka mitano, ambao hupimwa kwa njia moja kila mahali. Tafiti za afya za 2022 zilikuta asilimia 18 ya watoto wa Kenya wamedumaa, na asilimia 30 wa Tanzania. Nchi inayouza mahindi kwa jirani yake ina watoto wengi zaidi waliokosa lishe kuliko jirani anayeyanunua. Namba hiyo inanisumbua kuliko zote zilizomo humu.

Bei na nguvu ya shilingi

Hapa Tanzania imefanya vizuri, na haki yake isemwe. Mfumuko wa bei ulikuwa wastani wa asilimia 4.3 mwaka 2022, ukashuka hadi 3.8, kisha 3.1 mwaka 2024. Kenya iliumia zaidi. Oktoba 2022 mfumuko ulifika asilimia 9.6, ukame ulikuwa umekausha mashamba, na pakiti ya unga wa kilo mbili ilivuka shilingi 200 mwaka huohuo. Wastani wa 2023 ulikuwa 7.7, ndipo ukatulia kwenye 4.5 mwaka 2024. Kwa familia inayoishi kwa kipato kisichopanda, hiyo miaka miwili ilikuwa ya kutia ulimi puani.

Kwenye thamani ya fedha mambo yanageuka. Januari 2024 dola moja ilivuka shilingi 160 za Kenya, watu wakihofu kwamba deni la dola bilioni 2 lililokuwa linaiva Juni halitalipika. Februari serikali ikauza hatifungani mpya ya dola bilioni 1.5 ili kulipunguza deni hilo, na katika wiki chache shilingi ikarudi kuelekea 130. Kuanzia nusu ya pili ya 2024 na kwa sehemu kubwa ya 2025 iliganda kwenye 129. Shilingi ya Tanzania ilitoka karibu 2,300 kwa dola mwaka 2022 hadi 2,700 katikati ya 2024, wakati ambapo waagizaji walikuwa wakizunguka benki hadi benki wakitafuta dola. Ikapanda ghafla mwishoni mwa 2024, ikashuka tena mwanzoni mwa 2025, ikarudi kwenye 2,450 hivi ilipofika msimu wa watalii. Machi 2025 serikali ikapiga marufuku kutangaza bei na kudai malipo ya ndani kwa fedha za kigeni, hatua iliyowapa nafuu wapangaji na wazazi waliokuwa wakidaiwa kodi na ada kwa dola.

Kwa mlaji, basi, Tanzania imekuwa tulivu zaidi. Kwa anayeagiza kontena kutoka Guangzhou na lazima ajue miezi mitatu mbele dola itakuwa shilingi ngapi, Kenya ya 2025 ilikuwa rahisi kuipangia.

Kazi na makato

Kenya ilitangaza ajira mpya takriban 782,000 mwaka 2024 nje ya kilimo kidogo. Sehemu tisa katika kumi zilikuwa za jua kali: bodaboda, mama mboga, fundi, kibanda. Kwa hiyo Nairobi ndiko kwenye ajira, ndiyo, lakini mhitimu anayeota kadi ya ofisi shingoni ajue kwamba anashindana na maelfu kwa kipande kidogo. Anachopata Nairobi ambacho ni vigumu kukipata kwingine katika ukanda huu ni kampuni za teknolojia, mashirika ya kimataifa na benki zenye makao makuu pale, zinazolipa vizuri ukishaingia.

Tanzania wengi bado wanaishi kwa kilimo, na mhitimu hutazama zaidi serikali, migodi, ujenzi, utalii na shule binafsi. Kima cha chini cha mtumishi wa umma kilipandishwa kutoka 370,000 hadi 500,000 Julai 2025, sawa na takriban shilingi 26,000 za Kenya. Usikilinganishe moja kwa moja na kima cha kibarua wa Nairobi, shilingi 16,113 tangu Novemba 2024, kwa kuwa sekta binafsi ya Tanzania ina viwango vyake, vya chini zaidi, vinavyotofautiana kutoka kazi hadi kazi.

Makato ndiyo yanayowakera Wakenya. Juu ya kodi ya mapato, mshahara unakatwa asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii na asilimia 1.5 ya nyumba za bei nafuu, halafu NSSF ambayo imekuwa ikipanda kila mwaka. Wengi hudhani Tanzania hali ni nyepesi. Si nyepesi kiasi hicho. Mfanyakazi wa sekta binafsi kwa kawaida hukatwa asilimia 10 ya NSSF, na kila shilingi inayozidi milioni moja kwa mwezi hutozwa asilimia 30. Aliyesoma kwa mkopo wa serikali anaongeza asilimia 15 ya kulirejesha deni hilo. Kabla ya kuhama kwa ajili ya mshahara, omba uandikiwe kitakachoingia benki.

Kibali nacho ni gharama. Kenya imeondoa ada ya kibali cha kazi kwa raia wa Afrika Mashariki, ingawa karatasi yenyewe bado inatakiwa. Tanzania, kwa sheria ya 2015, humtaka mwajiri aonyeshe alimtafuta Mtanzania akamkosa, na awe na mpango wa kumrithisha Mtanzania nafasi hiyo.

Mtaji, mkopo na leseni

Kigezo hiki kwa mfanyabiashara kinazidi vingine vyote, na kuna jambo moja ambalo asiyelijua atapoteza mtaji wake.

Mwishoni mwa Julai 2025 Tanzania ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15. Orodha inagusa moja kwa moja maisha ya watu wadogo: biashara ya jumla na rejareja isipokuwa maduka makubwa ya kujihudumia, uwakala wa kutuma na kupokea pesa kwa simu, ufundi wa simu, saluni zisizo za hoteli, uchimbaji mdogo wa madini, kuongoza watalii, udalali wa nyumba na ardhi, na kununua mazao shambani. Anayekamatwa anaweza kutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 10, kufungwa, na kufutiwa kibali cha kukaa. Nairobi ilipinga ikitaja Itifaki ya Soko la Pamoja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoanza 2010. Upande wa Dar, wafanyabiashara wa Kariakoo walikuwa wamelalamika kwa muda mrefu kwamba wageni wanauza reja reja bei ambazo wao hawaziwezi. Hoja zote mbili zina uzito. Naona hata hivyo kwamba uharaka wa amri ile uliwaumiza majirani ambao kwa vizazi wamekuwa wakivuka Namanga na Holili na kapu la nyanya, na Jumuiya ingepaswa kuwatenganisha na mwenye kontena.

Basi yule muuza vifaa vya simu wa Eldoret hana mlango Kariakoo kwa jina lake. Akitaka kuingia Tanzania, atazame uwekezaji mkubwa uliosajiliwa rasmi, au auze bidhaa zake kwa jumla kwa Mtanzania na abaki upande wake. Ardhi ni vivyo hivyo: Tanzania asiye raia haimiliki ila kwa njia ya uwekezaji, na Kenya katiba ya 2010 inampa ukodishaji usiozidi miaka 99.

Kwa raia mwenyewe, kila nchi ina nyepesi na nzito yake. Tanzania humlazimu mfanyabiashara kuingia kwenye VAT mauzo yakifika shilingi milioni 200 kwa mwaka, takriban milioni 10 za Kenya. Kenya mstari uko kwenye milioni 5. Anayekua polepole hupumua muda mrefu zaidi Tanzania. Akishaingia, Tanzania inatoza asilimia 18 na Kenya 16. Chini ya mstari huo, Kenya ina kodi ya mauzo ya asilimia 3 kwa aliyepita milioni moja, rahisi kuhesabu japo hutozwa hata mwaka wa hasara.

Mikopo inaeleza mengi. Benki Kuu ya Kenya ilifikisha riba yake asilimia 13 Februari 2024, kisha ikaishusha hatua kwa hatua hadi 9.25 Oktoba 2025. Ya Tanzania ilikuwa 5.75. Mikopo chechefu, yaani isiyolipwa kwa wakati, Kenya imezunguka asilimia 16 au 17 ya mikopo yote. Tanzania iko chini ya asilimia 5. Sehemu ya maradhi hayo ya Kenya ni wazabuni waliouzia serikali na kaunti na kungoja malipo mwaka baada ya mwaka huku benki zikiwadai. Nasisitiza hili kwa yeyote anayejivunia zabuni ya kaunti: uliza kwanza wa kabla yako wamelipwa lini.

Hata hivyo mkopo wenyewe ni rahisi kuupata Kenya. Tangu M-Pesa ianze 2007, simu imekuwa benki, na Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali wa Novemba 2022, inaanzia shilingi 500. Tanzania, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, bila riba, utaratibu uliosimamishwa 2023 na kurejeshwa 2024. Kwa vikundi vilivyosajiliwa vizuri ni fursa ya kweli. Asiye na kikundi huangukia kausha damu, mikopo ya mtaani yenye riba kali, na kila mtaa wa Dar una familia iliyopoteza friji na godoro kwa mikopo hiyo.

Afya, shule na nyumba

Vifo vya watoto chini ya miaka mitano vinakaribiana: 41 kwa kila vizazi hai 1,000 Kenya na 43 Tanzania, kwa tafiti za 2022. Tanzania ilipata hatua ya kuheshimika kwa akina mama, vifo vya uzazi vikikadiriwa 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015–16. Bima ndiyo mtihani wa wote wawili. Kenya ilibadili mfuko wake wa bima ya afya, NHIF, kuwa mamlaka mpya ya SHA Oktoba 2024 na mabadiliko yakawatesa wagonjwa na hospitali kwa pamoja. Tanzania ilipitisha sheria ya bima kwa wote 2023, utekelezaji ukaja kwa mwendo wa taratibu.

Shule: Tanzania haitozi ada shule za umma hadi kidato cha sita, hatua ya mwisho ikiwa imeongezwa 2022. Kenya msingi ni bure tangu 2003, lakini mtaala mpya unawatoa wazazi jasho kwa vifaa. Anayehamisha watoto azingatie lugha: shule ya msingi ya umma Tanzania hufundisha kwa Kiswahili, Kenya kuanzia darasa la nne hufundisha kwa Kiingereza. Mtoto wa darasa la tano akihamishwa katikati ya mwaka anaumia, upande wowote anaotoka.

Nyumba: Nairobi hulipwa mwezi kwa mwezi baada ya amana. Dar wenye nyumba wengi hutaka miezi mitatu, sita, hata mwaka. Kodi ya Dar ikionekana nafuu, zidisha mara sita kabla hujafurahi.

Siasa na usalama

Juni 25, 2024, vijana wa Kenya waliingia bungeni wakipinga Mswada wa Fedha, na Rais William Ruto akauondoa siku iliyofuata. Tume ya taifa ya haki za binadamu ilihesabu takriban watu 60 waliouawa katika maandamano ya mwaka ule, wengine walitekwa, na Juni na Julai 2025 damu ikamwagika tena. Chanzo kilikuwa uchumi wenyewe: karibu theluthi ya mapato ya serikali inamezwa na riba ya madeni, na pengo huzibwa kwa kodi.

Tanzania ilikuwa na sifa ya utulivu hadi Oktoba 29, 2025. Siku ya uchaguzi, kiongozi mkuu wa upinzani, Tundu Lissu, akiwa kizuizini kwa kesi ya uhaini, maandamano yalizimwa kwa risasi, amri ya kutotoka nje usiku ikawekwa Dar es Salaam, na intaneti ikakatwa kwa siku kadhaa. Idadi ya waliouawa bado inabishaniwa, na serikali iliunda tume ya uchunguzi. Wenye biashara za mtandaoni waliona mauzo yao yakisimama kabisa siku hizo.

Tofauti ninayoiona: Kenya mgogoro huonekana unakuja, magazeti na mahakama huusema mapema, na serikali mara nyingine hurudi nyuma. Tanzania kunakuwa kimya muda mrefu, halafu uamuzi hushuka ghafla, iwe ni amri ya biashara au kukatwa mtandao.

Kwa hali yako

Ukiwa mhitimu wa teknolojia, fedha au mashirika, na una ndugu wa kukupokea, Nairobi inafaa kujaribiwa, ukiwa na akiba ya miezi ya kutosha kula bila mshahara. Mhandisi wa ujenzi, jiolojia au utalii aitazame Tanzania kwanza, hasa akiwa raia.

Ukiwa Mtanzania mwenye mtaji mdogo, soko lako la nyumbani sasa lina kinga ambayo jirani hana, na bei ni tulivu. Jiunge na kikundi kilichosajiliwa kabla ya kugusa mkopo wa mtaani. Mkenya mwenye mtaji kama huo abaki Kenya, aepuke kutegemea zabuni za serikali, na afungue hesabu tofauti ya kodi tangu siku ya kwanza.

Familia yenye watoto wa msingi na kipato kisichopanda itapata nafuu Tanzania ikiweza kukusanya kodi ya nyumba ya miezi sita. Mwenye mgonjwa wa saratani au figo achague kwa kuangalia hospitali gani itampokea na bima ipi inamlipia hapo. Wastani wa nchi hautamsaidia.

Ndugu wa Muscat au Minneapolis, swali lako la kwanza ni pasipoti unayoshika. Ardhi na duka utavipata kwa urahisi pale ulipo raia tu. Upande wa pili, peleka msaada kwa jamaa, usinunue kiwanja kwa jina la binamu.

Na mama wa Taveta: mzigo wa bidhaa zilizozalishwa Afrika Mashariki usiozidi thamani ya dola 2,000 unapita kwa cheti cha uasilia kilichorahisishwa, kinachoonyesha bidhaa ilikotoka, bila ushuru wa forodha. Kiombe ofisi ya forodha mpakani, uhakikishe bidhaa yako imo kwenye orodha yao, na mnunuzi wako wa Holili awe Mtanzania mwenye leseni, maana kuuza mwenyewe rejareja upande ule ndiko amri ya Julai ilikokuzuia.